Hesabu ya Uhuru Katika Mji wa Shaba

Mwaka 1965, watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, katika mji uliokuwa bado unaitwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walijipa kazi ambayo hakuna aliyewatuma. Waliandika historia ya mji wao. Aliyeiandaa ni André Yav, ambaye mwenyewe alikuwa boyi, na matunda yake yalikuwa kijitabu cha kurasa zipatazo thelathini, kilichopigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga na kupewa jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Anayekifungua akitarajia kamusi anakutana na mtawala Msiri wa Bunkeya, Mfalme Leopold II, vita vya Wazungu ambavyo askari Waafrika walipelekwa kupigana, kampuni ya Union Minière, na majina ya utani ambayo watu wa jikoni na wa mgodini waliwabandika mabwana zao.

Ulikuwa mwaka gani huo? Kongo ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru, na katika miaka hiyo mji wa shaba ulikuwa umeshaona mengi. Juni 30, 1960 bendera ya Ubelgiji ilishushwa. Julai 11, hata wiki mbili hazijatimia, Moïse Tshombe, kiongozi wa mkoa wa Katanga, akatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Januari 17, 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito wakateremshwa kwenye ndege katika uwanja wa Luano wakiwa wamefungwa na kupigwa, na usiku huohuo wakauawa porini nje ya mji. Halafu vikaja vita vya mitaani kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wanajeshi wa Tshombe, hadi kujitenga kulipokomeshwa Januari 1963. Novemba 1965 mkuu wa jeshi, Mobutu, akachukua madaraka. Mtu mwenye akili zake angenyamaza, akachunga watoto wake na kungoja upepo upite. Yav na wenzake waliona wakati huo ndio wa kuandika.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, Mjerumani aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikichapisha kijitabu hicho mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Hakikusomeka kwa macho peke yake. Maneno yamebanana au yamekatika mahali pasipotarajiwa, tahajia inabadilika njiani, na ilibidi mwenye lugha yake, Kalundi Mango, akisome kwa sauti ndipo maana ijitokeze. Msomi mvivu angekiita kazi ya watu wasiojua kuandika. Lakini watu hao ndio waliopika chakula cha wakubwa, wakapanga meza na kusikia kila lililosemwa mezani. Ikiwa kuna waliojua jinsi mji ulivyoendeshwa, ni wao.

Hesabu ya uhuru Lubumbashi inaanza nyuma zaidi, kabla hata neno uraia halijamhusu Mwafrika yeyote pale. Mji ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika upande wao, na katikati kikaachwa kipande kitupu cha ardhi ili pande mbili zisichanganyike. Union Minière du Haut-Katanga ilijenga kambi, shule na hospitali, ikagawa posho ya unga, na wafanyakazi ikawachota mbali: Kasai, Rwanda na Urundi, Rhodesia ya Kaskazini. Ni vizuri kulishika jambo hili, maana litarudi kwa sura mbaya. Tangu siku yake ya kwanza mji huu ulijengwa na wageni. Kiswahili chenyewe kilishika mizizi kwa sababu watu wa makabila tofauti walihitaji pa kukutania.

Desemba 1941 wageni hao waligoma. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vikila shaba ya Katanga kwa pupa, na baadaye vikala pia urani ya Shinkolobwe, ile iliyokuja kutumika katika bomu la Hiroshima. Bei za vitu zilipanda, mishahara ikabaki pale pale. Wafanyakazi Wazungu walikuwa wameanza kudai haki zao, na Waafrika wakauliza kwa nini wao wakae kimya. Mgomo ulipita Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ukafika Lubumbashi. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, Gavana Amour Maron akaja mwenyewe, na msemaji wa wagomaji, karani kijana Léonard Mpoyi, akasimama kumjibu. Walipokataa kutawanyika, askari walipiga risasi. Mpoyi alikuwa miongoni mwa waliokufa. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Serikali ya kikoloni ilikiri makumi, masimulizi ya mji yalizidisha.

Kisheria watu wale hawakuwa raia wa kitu chochote. Mgomo wa Mwafrika ulikuwa kosa, na vyama vya wafanyakazi Waafrika viliruhusiwa mwaka 1946 tu. Hata hivyo walisimama uwanjani wakadai wahesabiwe. Vitabu vingi vya shule huanza habari ya uhuru wa Kongo na hotuba ya Lumumba ya Juni 30, na hotuba ile inastahili heshima yake. Ila mtoto wa Lubumbashi anayefundishwa kwamba uhuru uliletwa kutoka Kinshasa amepunjwa. Zaidi ya miaka kumi na minane kabla ya hotuba ile, watu wa mji wake walikuwa wamekwisha kuulipia.

Baada ya Yav akaja mchoraji. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, akajifunza rangi mwenyewe, akawa anachora juu ya magunia ya unga yaliyonyooshwa na kuuza picha nyumba kwa nyumba. Miaka ya 1970 ilikuwa kawaida kukuta picha ukutani sebuleni kwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, au wa reli. Wenyewe waliziita ukumbusho. Picha iliyopendwa sana ni ile iliyoitwa Colonie belge. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa. Polisi Mwafrika mwenye kofia ya tarbushi ameinua kiboko. Pembeni Mzungu mwenye kofia ya jua anatazama huku akivuta kiko, kana kwamba anangoja chai. Nyuma yao kuna bendera ya Ubelgiji na wanawake wanaolia. Na mtu alikula bukari yake, yaani ugali, mbele ya picha hiyo kila jioni.

Kwa nini mtu atundike aibu ya baba yake sebuleni? Mobutu alikuwa ametawala kwa miaka, chama kilikuwa kimoja, nchi imekuwa Zaire na Katanga imekuwa Shaba. Kulisema jeshi la Mobutu ilikuwa hatari. Kulisema jeshi la Mbelgiji hakukumgharimu mtu kitu, na mgeni akikaa kwenye kiti akatazama kiboko kile kilichoinuliwa, hakuhitaji kuelezwa kwamba mkono unaoshika kiboko ni wa Mwafrika mwenzake.

Tshibumba hakutosheka na picha za kuuza. Alijiona mwanahistoria, na kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zaidi ya mia moja, historia nzima ya nchi tangu wazee wa kale, huku akieleza kila picha kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba, maiti tatu zimelala chini, ubavu wa Lumumba una jeraha, na mbali nyuma, juu ya kilima, kuna misalaba mitatu. Mkristo yeyote wa mitaa ya Lubumbashi, awe wa Kenya au wa Katuba, alielewa mara moja. Na aliyeyachora hayo aliishi katika mji ambao Lumumba aliuawa karibu nao, tena machoni pa wakubwa wa Katanga ambao baadhi yao walikuwa bado hai. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani aliko. Picha zile ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Zimetunzwa vizuri, hilo halina ubishi, lakini kijana wa mtaa wa Kamalondo anayetaka kuziona anahitaji visa.

Serikali ya Mobutu nayo ilikuwa na fundisho lake kuhusu wajibu wa raia. Liliitwa salongo: kazi ya mikono kwa ajili ya taifa, kufagia barabara, kuzibua mitaro, kulima shamba la pamoja. Kwa maneno ni jambo jema kabisa; mitaro ya Lubumbashi mwezi wa Januari ingelifurahia hata leo. Lakini raia aliyeamriwa kushika ufagio hakuwa na ruhusa ya kuuliza fedha za shaba zimekwenda wapi. Wazee wengi hawakuichukia salongo kwa sababu ya jasho. Waliichukia kwa sababu walitakiwa kutoa sehemu moja ya uraia huku sehemu nyingine imefungiwa kabatini.

Kabati lilipoanza kufunguliwa, damu ilimwagika. Aprili 24, 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wiki mbili na kitu baadaye, usiku wa Mei 11 kuamkia 12, makomando waliingia mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Mashirika na mashahidi walitaja makumi, wengine mamia. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Waliookoka walisimulia kwamba wauaji walitumia maneno ya siri ili kuwatambua wanafunzi wa mkoa wa Rais na kuwapisha. Kwa hiyo kijana aliponea au aliumia kulingana na alikozaliwa.

Hapa ndipo hadithi ya Lubumbashi inapokuwa ngumu, na wengi hupenda kuiruka.

Miongoni mwa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ndefu ya wazi mwaka 1980, wakimweleza ukweli wa nchi wakati ukweli ulikuwa unapeleka watu jela, alikuwemo Étienne Tshisekedi wa Kasai na alikuwemo Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa Katanga. Walifungwa, wakafukuzwa bungeni, na kundi lao likazaa chama cha UDPS mwaka 1982. Kama kuna Wakongo waliotimiza wajibu wa raia katika siku mbaya, ni hao. Miaka kumi na kidogo baadaye Kyungu alikuwa gavana wa Shaba. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, na moto ukawaka. Kwenye mikutano ya hadhara watu wa asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Katika miji ya migodi ya Likasi na Kolwezi walitolewa majumbani na kazini. Wakajazana kwenye vituo vya reli, wiki baada ya wiki, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi hawakuwahi kukanyaga. Mamia ya maelfu walihama, na si wote waliofika. Lubumbashi yenyewe iliungua kidogo kuliko miji hiyo miwili, ila ndoa za mchanganyiko zilitikisika na majirani waliacha kusalimiana.

Ilikuwa mara ya pili. Mwaka 1961, wakati wa kujitenga, makumi ya maelfu ya Waluba, wakiwemo wa asili ya Kasai, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kando ya mji huohuo. Wajukuu wa wafanyakazi wale wa 1941, waliochotwa na kampuni kutoka mbali, ndio walioambiwa warudi kwao. Kwao kupi?

Kyungu hakuwa jitu la hadithi. Mwaka 2016 chama chake kilikaa tena katika muungano mmoja wa upinzani na Tshisekedi, na alipofariki mwaka 2021 wengi walimlilia kama baba. Hilo ndilo linalosumbua. Mtu yuleyule aliweza kumkabili dikteta kwa ujasiri, kisha akamgeukia jirani. Ujasiri mbele ya mkubwa na haki kwa jirani ni mambo mawili, na hili la pili ndilo lililoishinda Katanga mara mbili.

Katiba ya Kongo iliyotangazwa Februari 18, 2006 inayajua yote mawili. Kifungu cha 64 kinampa kila Mkongo wajibu wa kumzuia mtu yeyote au kundi lolote linalochukua madaraka kwa nguvu au kuyatumia kinyume cha katiba. Hiki kinajulikana: wakati wa maandamano ya 2016 na 2017, Rais Joseph Kabila alipokuwa akivuka muda wake, vijana walikikariri kama sala. Kifungu cha 66 kiko mistari michache tu chini yake, na hakuna anayekiandika kwenye bango. Kinasema Mkongo ana wajibu wa kumheshimu Mkongo mwenzake na kumtendea bila ubaguzi. Mtu wa mtaani ukimuuliza kifungu, atakutajia cha 15, na hatakuwa anazungumzia katiba. Atakuwa anazungumzia ule utani wa zamani wa kila mtu ajitafutie.

Na kujitafutia kulifika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukabomoka Septemba 1990, wataalamu wakafukuzwa pamoja na majirani wengine wa Kasai, na kufikia 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ilikatika kwa miezi. Posho ikaisha. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiinua mgongo cha mara moja na kuambiwa wameondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi ameandika juu ya familia hizo kama watoto waliotelekezwa na baba yao, na picha hiyo aliipata kwao wenyewe.

Walioshika nyumba ni wanawake. Walioitwa mama wa nyumbani katika makaratasi ya kampuni walitoka kununua unga wa Zambia mpakani Kasumbalesa, wakauza mkaa, samaki na mafuta kwa kopo mbele ya mlango. Shule nazo zilishikwa na wazazi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walichangia mishahara hiyo, na mzigo huo uliendelea hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Karibu miaka thelathini! Mzazi aliyeuza mkaa akamlipa mwalimu hakuitwa mzalendo na mtu yeyote, na hakuna medali iliyotolewa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ikiwa salongo ya kweli iliwahi kufanyika nchini Kongo, ni hiyo.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 2000, Dibwe na mwenzake Bogumil Jewsiewicki walianzisha mradi wa kukusanya kumbukumbu za wakazi wa Lubumbashi: masimulizi, nyimbo, picha, vyombo vya nyumbani, maigizo. Nchi ilikuwa vitani, imegawanyika vipande, nao wanazunguka wakiuliza watu walikula nini na kufanya kazi wapi. Inafanana sana na kazi ya Yav, isipokuwa safari hii wenye digrii walikwenda kwa wenye kumbukumbu. Katika masimulizi kama hayo Mkasai na Mkatanga wanakumbuka kambi ileile, king'ora kilekile, foleni ileile ya unga. Ni vigumu kumwita mdudu mtu aliyesimama nyuma ya mama yako kwenye foleni.

Hesabu ilichukua sura nyingine Desemba 30, 2018. Siku ya uchaguzi, Kanisa Katoliki lilisambaza waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima: walimu, wakulima, watu wa kwaya. Kazi yao haikuwa na mbwembwe. Walikaa kwenye benchi la darasa tangu alfajiri, wakangoja kura zihesabiwe, wakanakili namba zilizobandikwa mlangoni na kuzituma. Maaskofu walisema hadharani kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na yale waliyokusanya. Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, aliapishwa Januari 2019, na namba zile hazikubadilisha kitu Ikulu. Lakini zipo, kama mgomo wa 1941 ulivyobaki katika midomo ya watu ingawa ulizimwa kwa damu.

Mwaka 2022 ulileta matukio mawili Lubumbashi kwa kufuatana. Mwezi Mei Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliitisha mkutano wa kuwapatanisha Wakatanga, na wakubwa waliokuwa hawasalimiani walikaa katika ukumbi mmoja. Mwezi Juni likaja jeneza lenye jino la Lumumba, mabaki pekee yanayojulikana, ambayo afisa wa polisi wa Ubelgiji aliyaweka kwake baada ya kuiyeyusha miili mitatu kwa tindikali. Lilikabidhiwa rasmi mjini Brussels Juni 20, likazungushwa nchini, likafikishwa Shilatembo, porini kule alikopigwa risasi, kabla ya kuzikwa Kinshasa Juni 30. Lumumba aliyezaliwa Sankuru, huko huko Kasai ya wakati ule, alipokewa Katanga kwa heshima zote za serikali.

Wakati jeneza linapita, mabishano ya mji yalikuwa kuhusu treni. Familia kutoka Kasai zilikuwa zinateremka nazo kutafuta kazi, na maneno ya 1992 yalikuwa yameanza kusikika tena kwenye mabasi. Mkutano wa Mei ulipatanisha Wakatanga na Wakatanga. Waliozaliwa katika mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi kwa vizazi vitatu, wenye majina ya Kasai, hawakuitiwa mkutano wao, na kabla ya kuuitisha itabidi kwanza kuamua nani anaandika orodha ya waalikwa.